Taa ya Sanduku Ishirini na Saba

Prodromos alikuwa fundi wetu wa simu katika ushirika wa mapichi pale mjini Nausa, na bora niseme mapema kwamba nilimpenda, asije mtu akadhani naandika haya kwa ajili ya jarida la ushirika. Nilimpenda, na mwanamke mwingine akamchukua. Huo ndio wasifu wake kwa ufupi. Yaliyobaki ni jinsi ilivyotokea, na hapo ndipo roho inaponiuma.

Alizaliwa kijiji cha chini ya mji, kwa Waponto, kizazi cha wakimbizi wa ng'ambo ya bahari, watu ambao kwao harusi bila zeze si harusi. Baba yake alikuwa na mizinga ya nyuki na shamba dogo la mapichi. Nyuki walimkataa mtoto. Kila akiusogelea mzinga alirudi nyumbani hana macho wala mdomo, uso wote umeumuka. Jeshini wakamtia kikosi cha mawasiliano. Akatoka huko anajua kuunga nyaya gizani na hajui kusema na mwanamke mchana. Alikuwa mrefu, mabega yameinama kwa kuishi chini ya meza za watu, na kiunoni alining'iniza ile simu ya majaribio yenye vibanio viwili, hata akienda kula.

Alikuja kwetu mwaka wa mwisho wa sarafu ya drakma, ushirika uliponunua mashine ya kupokea ujumbe wa sauti. Wakulima hawakuipenda. Mtu amepiga kuuliza lori la kreti linafika lini, anajibiwa na sauti ya mke wa mkurugenzi, Bwana Anestis, ikimwambia aache ujumbe baada ya mlio. Wengine walikata. Wengine walidhani mama mwenyewe yuko kwenye simu na anawapuuza, wakamtukana, na matusi yao yakahifadhiwa vizuri kabisa. Prodromos alilazimika kuyafuta kabla Bwana Anestis hajayasikia.

Alikuwa na lugha yake, nami niliijua yote. Kila simu ya mezani ilikuwa na nambari ya ndani. Yangu ilikuwa ishirini na saba. Kila nambari ilikuwa na sanduku lake la sauti huko kwenye mashine, na tundu lake ukutani. Simu inayozungushwa meza hadi meza mpaka ipate mtu, hiyo iko katika kundi la zamu. Ukimwacha mgeni anasikiliza muziki, umemwegesha. Simu inayotoka na inayoingia zikikamata laini moja kwa pamoja, zimetumbuliana macho, na hakuna asikiaye kitu mpaka mmoja aachie. Ugonjwa aliouchukia kuliko yote ni pale mgeni amekwisha kata lakini mashine haijui, inaendelea kurekodi kimya. Huo aliuita mlango uliokwama. Alinieleza haya yote amesimama karibu na meza yangu, macho yakiwa kwenye waya aliokuwa anauchuna. Jambo lingine hakuwahi kunieleza.

Halafu taa. Sanduku likipata ujumbe, taa ndogo nyekundu huwaka kwenye simu ya mwenyewe, na haizimi mpaka ausikilize. Fundi alikuwa na njia moja tu ya kuipima. Anashuka chumba cha mashine, anaacha ujumbe katika sanduku lako, "Jaribio, moja, mbili, tatu," halafu anapanda ngazi kuja kuitazama taa kwa macho yake. Ukimwambia kwa simu kwamba imewaka, hakuamini. Mpaka aione.

Baada ya Pasaka wakaanza kutengeneza sakafu ya ghorofa yetu, na ndipo akaajiriwa Smaro. Huyu alijua Kijerumani, kwa hiyo alipewa wanunuzi wa Kijerumani, na kwa kuwa alipewa Wajerumani alipewa pia meza yangu ya dirishani, inayotazama mlima. Mimi niliyekaa pale miaka tisa nikahamishiwa chumba kilichokuwa stoo ya sampuli, kinanuka sharubati ya mikebe. Bwana Anestis aliniambia huko kuna utulivu. Kaburini pia kuna utulivu, sikumwambia, lakini nadhani aliona usoni.

Prodromos ndiye aliyehamisha simu. Nambari yangu ikaja nami stoo. Smaro akapewa thelathini na moja, simu mpya, kwenye tundu langu la zamani la dirishani. Siku zile fundi alizunguka meza zote zilizohamishwa akipima taa, anashuka, anapanda, anashuka, anapanda. Kwangu hakuja. Nilipokutana naye kwenye ngazi nikamwuliza kama ya kwangu haipimwi. Akawa mwekundu hadi masikio, akasema yangu ameshaipima kutoka chini, haina neno. Mimi nikaelewa hivi: hata ngazi hataki kupanda kwa ajili yangu.

Ngazi za kwenda kwa Smaro alizipanda.

Stoo yangu na kile chumba changu cha zamani vilitazamana, na milango ilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nilikuwa naiona meza yangu, dirisha langu, mlima wangu, na huyo mwanamke katikati yake na nywele zake za shaba. Na kila asubuhi nilipofika, taa kwenye simu yake ilikuwa inawaka. Kila asubuhi. Yangu tangu nihamie haikuwaka hata kwa bahati mbaya. Nilijiambia ni Wajerumani. Lakini Smaro aliinua simu, akasikiliza kidogo, akaiweka, na taa ikaendelea kuwaka. Basi akapiga tisa, nambari ya fundi, na baada ya muda mfupi Prodromos alikuwa pale, magoti chini, kichwa chini ya meza, karibu na miguu ya yule mwanamke.

Nilisikia vipande. "Fundi, imerudi tena." "Fundi, jana uliizima, leo hii hapa." Yeye alisema atabadilisha simu. Akaibadilisha. Asubuhi taa inawaka. Akabadilisha waya. Asubuhi taa inawaka. Fundi aliyekarabati mtambo mzima wa chumba cha kupozea, eti ameshindwa na kataa kadogo kama punje ya komamanga. Nani angeamini? Mimi sikuamini. Nilisema wazi moyoni: huyu ndiye anayeiwasha mwenyewe usiku ili apate sababu asubuhi. Anamwachia maneno matamu, mwanamke anayasikiliza taratibu, halafu anamwita eti taa imeharibika.

Nikaacha kumwamkia Smaro. Mwanzoni alinisalimu kila asubuhi, "Habari ya asubuhi, Despina," kutoka upande wa pili wa korido, nami nikajifanya natafuta kitu mkobani. Aliniletea kahawa mara mbili. Nilimwambia kahawa inanifanya moyo uende mbio, na saa ileile nikaenda kujichukulia yangu. Wenzetu waliona. Bwana Anestis akaniuliza kama tumegombana, nikasema sijui mtu wa kugombana naye.

Ikafika tarehe kumi na tano Agosti, siku ya jina langu, yaani sikukuu ya mtakatifu wa jina langu. Kwetu siku ya jina ni kubwa kuliko ya kuzaliwa, na ushirika katikati ya mavuno haufungi kwa ajili ya mtu yeyote, kwa hiyo sisi wenye majina ya siku ile tulileta vitu vitamu kazini. Nilioka baklava mwenyewe, zile keki za karanga zinazolowekwa sharubati, sikununua. Nikazunguka na sinia, na kwa Smaro nikapita upesi upesi. Nilipotoka kwake nikamwona Prodromos anachomoza kichwa kutoka chini ya meza yake, kavaa vumbi.

Alinifuata stoo baadaye. Akachukua kipande kimoja, akanitakia miaka mingi, halafu hakuondoka. Aliiangalia simu yangu, akaniangalia mimi, akaiangalia simu tena. Alikuwa anangoja niseme kitu, hilo lilionekana wazi, lakini kitu gani? Nikamwambia sharubati inadondokea ankara zangu. Akaomba radhi, akaipangusa kwa mkono wa shati, akatoka. Sikumwona tena mlangoni kwangu.

Septemba nikawaona wamekaa kwenye ukuta wa maegesho wanakula mkate na jibini, simu ya majaribio imewekwa katikati yao kama mtoto. Na jambo la ajabu, siku zile fundi hakuitwa tena. Taa ilikuwa inawaka vilevile, lakini Smaro aliibandika kipande cha plasta juu, basi. Oktoba, mapichi yalipokwisha, wakatangaza ndoa.

Nilikwenda. Nilivaa gauni la kijani, niliwatazama wakivishwa mataji ya harusi, nilishikana mikono na shangazi zake katika ngoma ya Kiponto mpaka zeze likanichosha masikio. Watu walisema nimependeza. Mama yangu aliniambia njiani kwamba nimesaga meno kanisani na padri amegeuka kuangalia. Sikuwa na haya. Kama kuna mtu duniani hajawahi kumwonea mwenzake kijicho, na aje anifundishe anavyofanya.

Walipokwenda fungate, ushirika ulimwomba fundi wa muda kutoka Thesalonike, mtu mnene mwenye upara anayetafuna mbegu za alizeti, Iordanis jina lake. Kazi yake ilikuwa kuhamisha masanduku yote ya sauti kwenye mashine mpya. Alikaa chumba cha mashine tangu asubuhi, na baada ya chakula akapanda hadi stoo kwangu, anahema.

"Wewe ndiye Despina wa ishirini na saba?"

Nikasema ndiye.

"Dada, jumbe zako unazitunza au unazisahau? Sanduku lako limejaa. Ujumbe mmoja zaidi usingeingia."

Nikamwambia amekosea mtu. Mimi wa hesabu, wakulima hawaniachii ujumbe, na taa yangu haijawaka tangu masika. Akaacha kutafuna. Akaniuliza kama nilihamishwa chumba. Nikamwonyesha kule dirishani. Akavuka korido, akabandua ile plasta kwenye simu ya Smaro, na taa ilikuwa inawaka, mwenyewe akiwa mbali huko kisiwani na mumewe.

Iordanis akacheka. Alisema kosa hili ni la kawaida, hulifanya kila fundi angalau mara moja. Mtambo wa simu unajua nambari imehama. Mashine ya ujumbe haiambiwi na mtambo, lazima uende ukaiandikie kwa mkono tundu jipya liko wapi, la sivyo inabaki kuwasha taa ya tundu la zamani. Taa ya sanduku langu ikawa inawaka kwa Smaro. Kila usiku mashine hujikagua na kuziwasha upya taa za wote wenye ujumbe usiosikilizwa, ndiyo maana ilizimwa jioni ikarudi asubuhi. "Lakini mwenzangu huyu wa kwenu," akasema, "angetazama tu ni sanduku lipi lina ujumbe haujasikilizwa, angelijua siku ya kwanza. Sijui kwa nini hakutazama."

Akaniacha na simu. Neno la siri la sanduku jipya ni nambari yake yenyewe, na mimi sikuwahi kulibadilisha. Nikabonyeza. Sauti ya mke wa mkurugenzi ikaniambia nina ujumbe mpya, halafu akaja Prodromos.

"Jaribio. Moja, mbili, tatu. Despina, taa ikiwaka nipigie tisa." Pumzi yake. "Hata isipowaka, nipigie."

Wa pili ulikuwa jaribio pia, lakini kwenye tatu akasimama akasema hicho chumba hakikustahili kupewa mtu kama mimi. Zikafuata nyingine nyingi; katika mmoja alieleza kwa urefu kuhusu kundi la zamu, na mwisho akasema meza ya dirishani sasa haina mtu wa kuelezwa mambo. Mwingine ulikuwa wa kumi na tano Agosti, alfajiri, kabla sijafika kazini. Alinitakia miaka mingi. Alisema chama cha Waponto kina ngoma Jumamosi, ana tiketi mbili, na anajua mimi si mtu wa kucheza lakini tunaweza kukaa. "Leo nitakuja kuchukua kitamu," alisema. "Kama umesikia, utaniambia. Usiposema kitu nitajua jibu, wala sitachukia."

Nikakumbuka nilichomwambia. Sharubati inadondokea ankara.

Baada ya huo kulikuwa na mmoja tu, mfupi. Alisema mashine ikimkosa mtu hujaribu tena na tena kwa sababu haina aibu, lakini yeye ana aibu, kwa hiyo hatajaribu tena, na ananiomba radhi kwa usumbufu.

Nilikaa pale hadi mlinzi alipokuja kufunga. Nilijua sasa kwa nini hakutazama sanduku lile. Angetazama, angeona kama nimesikiliza au la, na mtu yule alipendelea kubadilisha simu na waya kuliko kuona hilo. Machozi yalinitoka, sikatai. Lakini yalipokauka kilichobaki kilikuwa kijicho kilekile, kimenenepa. Taa ile ilikuwa yangu. Maneno yalikuwa yangu. Yule mwanamke alikaa mezani kwangu, akaota taa yangu miezi yote ile, na taa yangu ikamletea mume. Niliapa atalijua hilo, na Prodromos atalijua, hata kama nyumba yao itatikisika. Nilitaka itikisike.

Siku ya jina la Prodromos ni tarehe saba Januari, na siku ya jina haina mwaliko. Mlango unakuwa wazi na asiyekwenda ndiye anayesemwa. Nikaenda. Theluji ilikuwa imefika hadi chini mjini. Nyumba ilijaa, baba mtu amelewa, zeze liko kona. Prodromos alinipokea koti, akanishukuru kwa kuja, hakuniangalia usoni. Nilingoja mpaka Smaro alipoingia jikoni peke yake kukata pai, nikamfuata, nikafunga mlango.

Nikamwambia yote. Sikupamba na sikupunguza: tundu, sanduku, kila neno alilosema mumewe, ngoma ya Jumamosi, tiketi mbili. Nikamaliza hivi: "Taa iliyomleta kwako ilikuwa yangu."

Smaro aliendelea kukata mpaka pai ikaisha. Nilidhani atalia, au ataniambia naongopa.

"Ilimleta, ndiyo," akasema. "Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yuko chini ya meza, na mimi naona anatazama wapi. Anatazama mlango wako. Nikamwuliza, fundi, unampenda yule? Akasema amekuachia maneno na hujibu. Nikamwambia, acha mashine, nenda ukagonge. Hakwenda. Nikamwambia tena siku ya jina lako, akaenda, akarudi na sharubati mkononi."

"Ungeniambia mimi," nikasema.

"Nikuambie vipi, Despina? Nilikusalimu, ukaingia mkobani. Nikakuletea kahawa, ukaikataa. Taa ilikuwa mbele ya macho yako kila asubuhi, uliitazama kuliko mimi. Ungevuka ile korido mara moja tu, hata kwa ubaya, ukaniuliza taa hii inawakia nini, ningekuambia siku ileile. Nilikungoja mpaka Septemba. Halafu sikungoja tena, maana na mimi nilikuwa nimeshampenda."

Akanipa sahani moja, akachukua nyingine, akasimama akingoja niufungue mlango, kwa kuwa mimi ndiye niliyeufunga. Prodromos alikuwa upande wa pili anatafuta glasi. Smaro akasogea kando. Aliniangalia, kunipisha niseme nikitaka. Mumewe naye akaniangalia, safari hii usoni, akaniuliza kama nahitaji chochote. Nikasema hapana, nikawapelekea wageni pai.

Miaka imepita, nao wana binti wawili. Nimeyachambua maneno ya Smaro mara nyingi nikitafuta uongo ndani yake, hata mdogo, na sijaupata. Hapo ndipo kijicho changu kinapokaa siku hizi. Smaro alikuwa na haki ya kumpata.